Jiko Libaki Nyumbani: Roketi Inayochemshwa kwa Leza

Mkikaa kundi mnaangalia video ya roketi ikiruka, lazima mmoja ataulize: kwani lile dude lote lile lina nini ndani? Jibu huwashangaza wengi. Karibu lote ni mafuta. Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na uzito wa karibu tani 3,000 ikiwa imejazwa, na kama sehemu tisa kati ya kumi za uzito huo zilikuwa mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachomea. Wale watu watatu na chombo chao walikaa juu kabisa, kama kofia juu ya mnazi.

Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, na ni mtu wa Pemba. Katika makala hii nataka kueleza wazo moja ambalo wahandisi wamelizungusha vichwani kwa zaidi ya miaka hamsini: roketi isiyobeba moto wake. Moto unabaki chini, unarushwa kwenda juu kwa mwanga wa leza, na kule juu unachemsha gesi inayokisukuma chombo. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni mambo ya filamu. Lakini sisi wa visiwani tunalo somo lake karibu sana, kwenye umeme tunaowashia taa.

Kwanza, roketi inasukumwa na nini?

Puliza puto, usilifunge, liachie. Litaruka huku na huku. Hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Roketi ni hivyo hivyo, haina siri nyingine. Inatupa kitu nyuma ili iende mbele, na haihitaji hewa ya kusukumia, ndiyo maana inafanya kazi hata mahali pasipo na hewa kabisa.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua itafika wapi: unatupa kiasi gani, na unakitupa kwa kasi gani. Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliandika hesabu inayoyaunganisha hayo mawili. Hesabu hiyo ni katili. Ukitaka kasi zaidi, mafuta hayaongezeki kwa kujumlisha, yanaongezeka kwa kuzidisha, kwa sababu mafuta unayoongeza nayo yanataka mafuta ya kuyabeba.

Tuchukue mfano. Chombo cha tani 1 kiko tayari kwenye obiti, nasi tunataka kukiongezea kasi ya kilomita 14 kwa sekunde ili kiende Mirihi haraka. Injini bora za kuchoma haidrojeni na oksijeni zinatoa gesi kwa kasi ya kama kilomita 4.5 kwa sekunde. Ukiingiza namba hizo kwenye hesabu ya Tsiolkovsky, unahitaji kama tani 21 za mafuta kwa ajili ya ile tani moja. Na hapo hatujahesabu uzito wa tangi wala injini.

Sasa tuseme gesi inatoka kwa kilomita 30 kwa sekunde. Hesabu ile ile, chombo kile kile: mafuta yanashuka hadi kama kilo 600. Kutoka tani 21 hadi chini ya tani moja! Kwa hiyo swali lote la safari za mbali linakuja hapa: utaipataje gesi inayotoka kwa kasi kubwa hivyo?

Birika na kuni zake

Kasi ya gesi inayotoka kwenye mdomo wa injini inategemea vitu viwili hasa. Cha kwanza ni joto: gesi ya moto zaidi inakimbia zaidi. Cha pili ni uzito wa molekuli zake: molekuli nyepesi zinakimbia kuliko nzito kwenye joto lile lile.

Haidrojeni ikiungua na oksijeni inatoa mvuke wa maji. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya haidrojeni peke yake ina uzito wa 2. Uwiano ni tisa kwa moja, na kwa kuwa kasi inafuata kipeo cha pili cha uwiano huo kikigeuzwa, yaani mzizi wake, haidrojeni tupu kwenye joto hilo hilo inakimbia kama mara tatu ya mvuke. Basi mbona hatutumii haidrojeni tupu? Kwa sababu haidrojeni tupu haiungui. Ili iungue inataka oksijeni, na ikishapata oksijeni si nyepesi tena.

Ndipo linapoingia birika. Unapochemsha chai, kuni ni kitu kimoja na maji ni kitu kingine. Kuni zinatoa joto, maji yanatoa mvuke. Roketi ya kawaida imevichanganya: kile kinachoungua ndicho hicho hicho kinachotupwa nyuma, kwa hiyo huna uhuru wa kuchagua. Ukitenganisha moto na maji, unaweza kuchemsha chochote unachotaka, na hapo unachagua kilicho chepesi kuliko vyote, haidrojeni.

Wamarekani walilijaribu hili kwa nyuklia. Tangu mwaka 1955 hadi 1973 walitengeneza na kuwasha injini za majaribio kwenye jangwa la Nevada, ambamo haidrojeni ilipitishwa ndani ya tanuri la nyuklia ikatoka nyuma ikiwa na kasi ya kama kilomita 8 kwa sekunde. Karibu mara mbili ya injini za kuchoma. Lakini tanuri lenyewe ni zito, na joto lake lina mpaka, maana likizidi, chuma na vitu vingine vilivyolitengeneza vinayeyuka. Birika lilitenganishwa na kuni, sawa, lakini jiko bado linabebwa mgongoni.

Wesha na Tanga

Sasa nirudi nyumbani. Kwa miaka mingi umeme wa Pemba ulitoka kwenye jenereta za dizeli pale Wesha, karibu na Chake Chake. Kila taa iliyowaka Wete, Konde au Mkoani ilitegemea dizeli iliyoletwa kwa meli. Kisiwa kilibeba jiko lake na kuni zake. Mwaka 2010 ikalazwa kebo chini ya bahari, kama kilomita 78, kutoka upande wa Tanga, na umeme wa gridi ya taifa ukaingia Pemba. Mashine kubwa zinazozalisha umeme ziko mbali, bara. Kinachofika kisiwani ni nguvu tu.

Leza kwa roketi ni kebo hiyo hiyo, ila haina waya. Chombo hakibebi kuni wala jiko. Kinabeba maji ya birika tu, yaani haidrojeni, na kioo cha kupokelea mwanga. Jiko liko duniani, linaweza kuwa zito linavyotaka, na likiharibika fundi anakwenda na kisanduku chake cha zana.

Wazo hili lilielezwa na Arthur Kantrowitz wa Marekani mwaka 1972, miaka kumi na miwili tu baada ya leza ya kwanza kuwaka mwaka 1960. Jaribio linalojulikana sana ni la Leik Myrabo. Tarehe 2 Oktoba 2000, kule White Sands, New Mexico, kidude chake chenye upana wa kama sentimita 12 kilirushwa kwa mapigo ya leza ya kilowati 10 kikapanda mita 71. Mnazi mrefu haufiki nusu ya hapo. Ni safari fupi, lakini kitu kilipaa kwa moto uliokuwa umeachwa chini.

Mirihi kwa siku 45

Mwaka 2022 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, kule Montreal, Canada, wakiongozwa na Emmanuel Duplay, kilichapisha mchoro kamili wa safari ya namna hii. Mzigo ni wa kama tani moja, na safari ya kufika Mirihi ni siku 45. Kwa njia za kawaida vyombo huchukua kama miezi sita au saba.

Mpango wao unakwenda hivi. Duniani kuna uwanja wa leza wenye upana wa mita 10 na nguvu ya megawati 100. Si leza moja kubwa, ni leza ndogo nyingi zinazopangwa zipige kwa pamoja, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja: kila mmoja akipiga kwa wakati wake mtumbwi unayumba, wakipiga pamoja unakata maji. Chombo, kikiwa tayari kwenye obiti, kinafungua kioo chepesi cha kujazwa gesi. Kioo kinaukusanya mwanga na kuupeleka ndani ya chumba cha injini.

Mle ndani kuna jambo zuri sana. Haidrojeni ya kawaida haiuoni mwanga wa leza, unapita tu kama kwenye dirisha. Kwa hiyo kwanza inawashwa cheche katikati, sehemu ndogo ya gesi inageuka plasma, yaani gesi iliyopata moto mpaka atomu zake zikaachana na elektroni. Plasma hiyo inaumeza mwanga. Inapanda joto kupita nyuzi elfu kumi, kisha inaipasha haidrojeni inayopita pembeni yake. Ukuta wa injini hauyeyuki kwa sababu kati yake na ule moto kuna haidrojeni baridi inayotiririka. Hapa ndipo leza inapoishinda nyuklia: moto uko katikati ya gesi yenyewe, haushikwi na chuma chochote. Kasi ya gesi inayotoka inakadiriwa kufika hizo kilomita 30 kwa sekunde.

Leza inawaka kwa muda wa kama saa moja tu. Baada ya hapo chombo kimeshapata mwendo, mzigo unaachiwa uende zake, na sehemu yenye injini inajirudisha kwenye obiti ya dunia ikasubiri mzigo mwingine. Kama daladala inayoshusha na kurudi stendi.

Naomba ieleweke: huu ni mchoro, si chombo. Leo leza zenye nguvu zinazowaka mfululizo zinahesabiwa kwa mamia ya kilowati, na hapa tunazungumzia megawati 100. Bado ni safari ndefu. Lakini hakuna sheria ya maumbile inayokataa.

Megawati 100 ni nyingi kiasi gani?

Kebo ya Pemba iliwekwa kwa uwezo wa kama megawati 20. Na leza haigeuzi umeme wote kuwa mwanga. Iliyo nzuri inageuza kama nusu. Ili upate megawati 100 za mwanga unahitaji kama megawati 200 za umeme, yaani kebo kumi kama ile yetu.

Inatisha? Linganisha na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo mmoja kati ya tisa, kwa saa moja, unatosha kukitia mwendo chombo cha kwenda Mirihi. Ukiniuliza, hiyo ndiyo namba iliyonifanya niandike makala hii. Nguvu yenyewe si ya ajabu, nchi yetu inayo. Kinachokosekana ni ufundi wa kuigeuza iwe mwanga uliokusanyika na kuulenga mahali pake.

Na kulenga ni kazi. Mwanga wa leza nao unasambaa, hata uwe mzuri vipi. Ukiwa na uwanja wa mita 10 na mwanga usioonekana kwa macho wa urefu wa mikromita moja hivi, ukifika kilomita 50,000 doa lake linakuwa na upana wa kama mita 13. Bado kioo kinaweza kulipokea. Ukifika mwezini, kilomita 384,000, doa limekuwa mita 100, na sehemu kubwa ya mwanga inapotea pembeni. Ndiyo maana chombo lazima kisukumwe kwa haraka kingali karibu.

Je, leza ingewekwa Pemba?

Swali hili najua litakuja, acha nilijibu mapema. Hapana, na tusijidanganye. Pemba ni kijani kwa sababu ya mvua. Kuna masika, kuna vuli, na hata katikati yake mawingu hayakosekani. Matone ya maji kwenye wingu yanautawanya mwanga wa leza kama ukungu unavyozitawanya taa za gari. Halafu hata siku ya anga safi hewa yenyewe inatikisika. Tazama barabara ya Chake kwenda Wete saa sita mchana, lami inaonekana kama inachemka. Kutikisika huko ndiko kunakoifanya nyota imetemete, na ndiko kunakolivuruga doa la leza. Uwanja kama huu unataka mlima mrefu na mkavu, mahali kama jangwa la Atacama kule Chile, ambako darubini kubwa zimejengwa kwa sababu hizo hizo.

Lakini mwambao wetu una kitu kingine. Chombo cha leza kinaanza safari kikiwa kwenye obiti, na kufika obiti bado kunataka roketi ya kawaida. Hapo ukaribu na ikweta ni mali. Dunia inapozunguka inakuzawadia kasi ya bure: kwenye ikweta ni mita 465 kwa sekunde, hapa Pemba, kwenye nyuzi 5 kusini, ni kama 463, na Cape Canaveral kule Florida ni kama 408. Waitaliano waliliona hilo. Wakaweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha satelaiti tisa. Mojawapo, ya Marekani, iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ikaitwa Uhuru, na ikawa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota hadi leo.

Upande wa pili wa kebo

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa Unguja uliotoka bara ulikatika, miezi mitatu. Hoteli, hospitali, majumbani, kila mtu alijitafutia. Pemba wakati ule ilikuwa bado kwenye dizeli yake ya Wesha, na taa za Pemba ziliwaka. Jiko zito la zamani, la gharama, lakini la kwako, liko pale pale ulipo.

Hicho ndicho unachokiuza unapoacha jiko nyumbani. Unapata wepesi, unapoteza kujitegemea. Mpango wa McGill unakumbana nalo mara tu chombo kinapofika. Duniani kuna leza ya kukitia mwendo, Mirihi kuna nani wa kukipunguzia? Hakuna. Kwa hiyo wanakusudia kukipitisha chombo kwenye hewa ya juu ya Mirihi ili msuguano ukishike breki. Hewa yenyewe ni haba, kanieneo yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya hewa yetu. Ukiingia juu mno unapitiliza na hurudi tena, ukiingia chini mno unaungua. Nafasi ya kukosea ni ndogo kabisa, na huna jiko la kujiokoa.

Halafu kuna swali la nani anashika swichi. Megawati 100 zikitoka kwenye uwanja wa mita 10, kila mita ya mraba inabeba nguvu ya zaidi ya jua elfu moja la mchana. Ndege akipita hapo, au eropleni, au satelaiti ya nchi nyingine, ni hatari. Na mashine inayoweza kulenga kioo kwenye chombo kilicho mbali inaweza kulenga kitu kingine pia. Mkataba mkuu wa anga za juu wa mwaka 1967 unakataza silaha za nyuklia kwenye obiti, lakini leza haikutajwa humo.

Visiwa hivi vimeshapitia mjadala kama huo. Mwaka 1960 Wamarekani walijenga pale Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa mmoja wa mnyororo wa vituo vilivyozungumza naye. Wengine walijivunia, wengine waliandamana wakihofia kwamba kituo kingewaingiza kwenye vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe, kikaondoka mwaka huo huo.

Sisemi nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba mitambo ya anga za juu inahitaji ardhi ya kuikalisha, na mara nyingi ardhi hiyo ni ya watu ambao hawakuichora. Siku moja mtu anaweza kuja na ramani, akitafuta mlima mkavu wa Afrika Mashariki ulio karibu na ikweta na karibu na umeme wa bwawa kubwa. Ataweka mezani maneno mazuri kuhusu Mirihi. Upande wetu wa meza pakae mtu anayejua kuuliza: doa lenu linakuwa na upana gani likifika juu? Mwanga unaokikosa kioo unakwenda wapi? Anayezima ni nani, na swichi iko wapi? Hesabu ya kujibia maswali hayo haizidi fizikia tunayosomeshwa hapa chuoni.